Gari Lililochagua Mahali pa Kufia

Ilikuwa mwaka wa mafuriko. Hapana, nimekosea. Mwaka wa mafuriko marehemu mwenye nyumba ya kufulia alikuwa bado hai, maana namwona kabisa amekunja suruali hadi magotini, anapandisha mashuka ya hospitali juu ya kabati huku akitufokea sisi tuliosimama kutazama maji. Basi ni mwaka uliofuata, au wa pili yake. Tuseme ni mwaka ule mjane wake, tuliyemwita Mama Dobi, alipoanza kufunga kila kitu kwa ufunguo: stoo, sanduku la sabuni, hata kijikabati cha vibanio vya nguo. Kana kwamba kuna mtu angetajirika kwa vibanio.

Mimi nilikuwa mpiga pasi wake, na watu waliniita Pasi. Lakini nataka kusimulia habari za Taratibu, dereva wetu.

Taratibu alikuwa mdogo wa marehemu, baba mmoja mama mmoja. Mrefu, masikio makubwa, maneno machache. Jina alilipata kwa uendeshaji wake. Wanawake wenye mizigo kichwani walikuwa wanampita. Ukimwambia aongeze mwendo anakujibu, "Mashuka yanakwenda kwa wagonjwa, na wagonjwa wamelala." Alikaa chumba cha uani, kati ya matangi ya kulowekea na chumba changu cha kupigia pasi, na ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya mimi ndiye ninayejifuta pua.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya petroli aliyoiacha marehemu. Miezi michache baada ya msiba, dada yake Mama Dobi, ambaye sijawahi kumsikia akimsifu mtu, alimwambia kwamba madereva wote wananyonya mafuta kwa mpira na kuyauza. Hakumtaja Taratibu. Alisema tu madereva. Lakini kesho yake Mama Dobi alinunua kifuniko kipya cha tangi, cha kufunga, akautia ufunguo wake kwenye uzi na kuuvaa shingoni. Tena akachonga kijiti. Asubuhi na jioni alikuwa anakitumbukiza kwenye tangi na kuchora kwa wembe pale mafuta yalipofika.

Taratibu alisema, "Sawa, shemeji." Basi.

Hazikupita wiki mbili gari likaanza kuzima. Halikuzima mjini, tulipopeleka taulo kwenye nyumba za wageni. Lilizima siku za hospitali, ambayo iko ng'ambo ya pili ya mji, mlimani, na kwa mwendo wa Taratibu ni kama saa nzima. Likifika kwenye mteremko wa maduka linakohoa, linatetemeka, linakufa. Ukizungusha ufunguo, mashine inalia tu, haishiki. Taratibu akaomba simu kwenye duka lililokuwa hapo jirani, la mwanamke muuza ndoo, akampigia shemeji yake.

Mama Dobi alikodi pikipiki akaenda. Jambo la kwanza alifungua kifuniko na kutumbukiza kijiti. Mafuta yapo, pale pale kwenye alama. Akafunga, akamwambia, "Haya, washa."

Likawaka mara moja.

"Shemeji, unanichezea?" Mama Dobi akamuuliza.

"Nakuapia kaburi la kaka, halikuwaka. Nimejaribu mpaka betri ikaanza kuchoka."

"Mwache kaka yako apumzike."

Safari ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu, simu ya muuza ndoo ilikuwa mbovu, ikabidi Taratibu akae ndani ya gari saa moja na nusu, halafu akajaribu likawaka lenyewe. Alipofika nyumbani akasema, "Likishapumzika linakubali."

"Gari si punda," Mama Dobi akamjibu.

Fundi wa magari akaitwa. Akabadilisha plagi, akabadilisha platini, akaweka koili nyingine, akafungua pampu akaipuliza. Akalizungusha gari mtaani mara mbili na kulirudisha akiimba. "Mama, gari zima kabisa. Ningekuwa na langu zima hivi nisingekuwa fundi." Safari iliyofuata likafa. Taratibu akamshuku fundi kuwa ameweka vifaa vya zamani. Fundi akamshuku Taratibu kuwa anachomoa waya. Mimi niliwashuku wote wawili kwa zamu, kutegemea nani nimemwona mwisho.

Halafu dada mtu akapita njia ile akaliona gari limesimama mbele ya duka la ndoo. Akapita safari nyingine, akaliona pale pale. Alikuja nyumbani bila hata kuketi.

"Nikuulize, mdogo wangu. Ni gari gani hiyo inayojua kuchagua mahali pa kufia? Kila siku kwa yule mwanamke! Na mume hana, nimeulizia. Zamani alikuwa anakuibia mafuta, umefunga. Sasa anakuibia muda."

Nilimwona Mama Dobi akiugusa ule ufunguo shingoni.

Kusema kweli hata mimi moyo wangu uliingia doa. Nilikuwa nimeingia chumbani kwa Taratibu kuazima kiberiti, nikaona chini ya kitanda ndoo tatu mpya, bado zina karatasi. Mwanamume anayefuliwa nguo bure, ndoo tatu za nini? Sikumwambia mtu. Ila nilianza kumsikiliza kupitia ukutani.

Wakati huo hospitali walileta barua: mashuka yamechelewa mara tatu, yakichelewa tena watatafuta dobi mwingine. Hospitali ndiyo ilikuwa nusu ya kazi yetu. Mama Dobi aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja, akatuma ujumbe kwa baba mkwe wake aje Jumapili amchukue mwanawe. Taratibu angepoteza kazi na chumba, hilo dogo. Kubwa ni kwamba baba yake mzazi angeambiwa, mbele ya watu, kuwa mwanawe aliyebaki anamhujumu mjane wa ndugu yake.

Taratibu alikuja kusimama mlangoni kwangu nikinyoosha mashati. "Pasi, wewe unaamini?"

Nikasema, "Mimi napiga pasi tu, ndugu yangu." Hilo jibu nimelijutia.

Ijumaa, Mama Dobi aliniita stoo na kushusha sauti. "Leo panda naye. Macho yako yawe kwenye miguu yake. Akikanyaga kitu, akivuta kitu, nataka kujua."

Nikapanda. Tulipotoka getini tu Taratibu akasema, "Umetumwa kunihesabu vidole?"

"Nimetumwa."

"Kumi. Kimoja hakina ukucha. Endelea kutazama."

Nilitazama mpaka shingo ikaniuma. Mteremko ulipokaribia, gari likakohoa, likatetemeka, likafa, na Taratibu alikuwa hajagusa chochote zaidi ya usukani.

"Umeona nimefanya nini?"

"Sijaona."

"Basi kawaambie hivyo."

Muuza ndoo alikuwa ameshasimama nje, mikono kiunoni. "Mgonjwa wangu amefika! Simu hii hapa. Leo unachukua ya bluu au nyekundu?"

Taratibu akainama kwa aibu. "Kila nikitumia simu yake hataki malipo," akaniambia polepole. "Sasa naona haya. Nanunua ndoo."

Kumbe ndio hizo ndoo. Nikataka kucheka, lakini nikafikiri pia kwamba mtu mwongo angeweza kupanga maneno hayo hayo.

Mama Dobi alifika na pikipiki, uso umekaza. Mimi nilikuwa nimejibanza upande wa tangi, penye kivuli. Alipozungusha ufunguo na kulegeza kifuniko nikasikia fyuuu. Sauti ndogo. Mimi maisha yangu yote ni mvuke; kitu kinachotoa pumzi nakijua hata nikiwa nimefumba macho. Hiki hakikuwa kinatoa. Kilikuwa kinavuta. Akatumbukiza kijiti, akafunga, akasema "washa", na likawaka, na akamtazama shemeji yake kwa jicho ambalo sipendi kulikumbuka.

Sikulala vizuri. Si kwamba nilijua kitu. Jumamosi asubuhi nilikwenda kukinga sabuni ya maji kwenye lile pipa letu lenye koki chini, sabuni ikatoka kidogo, ikakatika. Nikalegeza kifuniko cha juu, ikamwagika. Nilikuwa nafanya hivyo kila siku kwa miaka sita bila kufikiri. Safari hii nilisimama pale mpaka sabuni ikanijaa viatuni.

Nikaenda kwa fundi. "Gari linawaka Mama akija, si kwa sababu ni Mama. Ni kwa sababu anafungua tangi."

Fundi akacheka. "Wewe rudi kwenye pasi yako." Halafu akafuta mikono. "Kifuniko gani? Sijawahi kupewa huo ufunguo. Mimi nalijaribu mtaani, dakika tano, narudisha." Akatazama chini. "Mwambie Mama ajaze tangi mpaka mdomoni, kesho tutaona."

Baba mkwe alifika Jumapili kabla ya saa nne, mzee mkavu, kofia mapajani, hakugusa hata maji aliyopewa. Mama Dobi alipotaka kuanza kusema, fundi akaomba kwanza watu wote wapande gari. Dada mtu akauliza, "Tunakwenda kumtembelea mwenye ndoo?" Hakuna aliyecheka. Mzee na Mama Dobi walikaa mbele na Taratibu. Mimi, fundi na dada mtu tukakaa nyuma juu ya mafurushi.

Gari halikufika hata kwenye mteremko. Lilikufa mbali kabla, kwenye uwanja mtupu, hakuna duka wala mwanamke. Fundi akaniambia ndivyo alivyotaka: tangi likijaa sana, nafasi ya hewa ni ndogo, linabanwa mapema.

"Leo imekosea njia," dada mtu akanung'unika.

Fundi akamwambia Taratibu ashuke na akae mbali, pale kwenye jiwe, mikono waione. Akamgeukia dada mtu. "Wewe ingia. Zungusha ufunguo."

"Mimi sijui kuendesha!"

"Hatuendi popote. Zungusha."

Akazungusha. Mashine ikalia, haikushika. Akazungusha tena mpaka jasho likamtoka puani. Haikushika.

"Mama, sasa fungua tangi. Usitie kijiti. Fungua tu."

Ile fyuuu ilisikika mpaka kwa Taratibu kwenye jiwe. "Zungusha sasa," fundi akasema. Gari likawaka kwa mkono wa dada mtu mwenyewe, akapiga ukelele akaruka nje kama ameumwa na nge.

Fundi alieleza kwa maneno machache. Mafuta yakitoka kwenye tangi, lazima hewa iingie mahali pake. Kifuniko cha zamani kilikuwa na kitundu. Hiki cha kufuli hakina. Kikibana, pampu inavuta mpaka inashindwa. Ukisubiri sana, hewa inapenya kidogo kidogo, linawaka. Ukifungua, linawaka papo hapo. Na lilikuwa linafia kwenye ndoo kwa sababu kwa mwendo wa Taratibu ndiko alikokuwa amefika pampu inaposhindwa. Akatoa msumari na nyundo, akakitoboa pale pale.

Mzee akavaa kofia yake. "Kwa hiyo nimetoka kwangu kuja kutazama kifuniko," akasema, akaenda kukaa kwenye jiwe karibu na mwanawe. Walichosema sikukisikia.

Mama Dobi alivua uzi shingoni akampa Taratibu ufunguo. Hakumwambia pole. Midomo ilitaka, naona, lakini dada yake alikuwa anatazama. Mashuka ya Jumatatu yakafika hospitali mapema, na hospitali haikutuacha.

Mwisho wa mwezi Taratibu aliaga. Alisema amepata kazi ya lori mbali, na shemeji yake akasema atamwombea dua, na wote wawili walikuwa na adabu sana, adabu ya watu wasiojuana. Nilimsaidia kufunga godoro. Akiwa anakaza fundo akaanza kuzungumza, kama anaiambia kamba, kwamba tajiri wake wa kwanza, zamani kabla hajaja kwa kaka yake, naye alitia kifuniko cha kufuli kwenye gari, likawa linazima njiani, wakahangaika mwezi mzima, mpaka yeye mwenyewe akakitoboa kwa msumari.

Nikaachia kamba.

Huenda alikuwa amesahau, akakumbuka siku ile fundi alipotoboa. Huenda alitaka kuona nani kati yetu angesimama upande wake bila ushahidi, na mimi nilimjibu kwamba napiga pasi tu. Mama Dobi nilimweleza miaka mingi baadaye. Akakung'uta shuka, akalikunja, akachukua jingine. Nilimwuliza Taratibu mwenyewe, siku ile ile, godoro liko tayari kichwani kwake na anatoka getini kwa mwendo wake ule ule: ndugu yangu, siku zote tulizokuita mwizi, wewe ulijua?