Majina ya Wabatizwa wa Kwanza

Si wanajeshi waliochoma daftari la wabatizwa wa kwanza wa kanisa letu dogo la Kilutheri. Ni mimi, niliyekuja baadaye kusomea historia chuo kikuu.

Juzi nilimwona mama mmoja akiwasha makaa kwa karatasi za shule, na alasiri ile ya utotoni ikanirudia: mvua juu ya bati, moshi wa mikaratusi mibichi, maharagwe yaliyogoma kuiva. Papa, yaani baba yangu, katekista wetu, alikuwa amefundisha kwamba majina yetu yameandikwa mbinguni. Nikadhani daftari lake lilikuwa nakala tu, nikalichana ukurasa baada ya ukurasa. Moto ulikubali vizuri sana.

Wanajeshi, basoda kama tulivyowaita, walikuwa wamepita kijijini asubuhi hiyo, kwa hiyo Papa alipouliza, niliwasingizia. Alilia mbele yetu, watoto wake.

Sasa kanisa limeniomba niandike historia yake. Jana nilimpigia Papa simu, katika kambi ya wakimbizi ya Lushebere. Dada yangu alinionya kwamba hatambui tena sauti zetu. Niliungama yote hata hivyo.

“Hapana, mama,” alinijibu kwa upole, kama anayemfariji mgeni. “Njo basoda walichoma. Binti yangu aliniambia, na ule mutoto hasemake uongo.”