Kura Tatu za Mwalimu wa Giakanja

Mwaka ule kabla Waafrika wa Kenya hawajapiga kura kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Uganda na nimekaa kwa mama yangu Maragoli, nikingoja barua ya kazi ambayo haikuja. Tangazo likatoka kwamba serikali inatafuta makarani wa kuandikisha wapiga kura huko Nyeri, ambako Hali ya Hatari ilikuwa bado haijaondolewa. Niliwaza siku tisa. Niliandika sababu za kwenda upande mmoja wa karatasi na za kubaki upande wa pili, nikazihesabu, kisha nikaanza kuishuku hesabu yangu. Mama alichoka. "Utaandikisha watu gani wewe, na shati tu unachagua asubuhi nzima?" Mwishowe nilikwenda kwa sababu ambayo sikuwa nimeiandika popote. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu habari za mabunge ya watu wengine, na nilitaka kuliona letu likianza.

Siku ya pili garimoshi kutoka Kisumu lilitufikisha Nairobi, na hapo nikapanda jingine la kwenda Nyeri. Tulipopita Thika, askari wawili waliingia behewani wakawatenga abiria: Wakikuyu upande huu, wengine upande ule. Mmoja alisoma barua yangu ya kazi akacheka.

"Karani ya kura? Sasa wewe unaenda kuandika nani? Wengine wako msituni, wengine wako kambini."

"Ataandika miti," alisema mwenzake.

Mzee mmoja wa upande wa Wakikuyu alinitazama mikono, kana kwamba anataka kujua ni mikono ya namna gani. Niliificha mfukoni, kisha nikaogopa kwamba askari wataniona nimeficha kitu, nikaitoa tena.

Kiganjo, stesheni ya Nyeri, nilishuka asubuhi yenye baridi. Makuruta wa polisi walikuwa wakipiga kwata nyuma ya maduka. Mlima Kenya, ambao nilikuwa nimewaahidi ninyi wa nyumbani kuwaandikia habari zake, haukuonekana siku hiyo, wala siku nyingi zilizofuata; palikuwa na wingu tu mahali pake. Lori la serikali lilinichukua hadi mjini.

Nyeri mjini tulifundishwa kazi siku mbili na karani mkuu, Mzee Elija, mtu wa Machakos aliyekuwa amezeeka katika ofisi zile. Alitueleza kwamba kura hazingekuwa sawa. Elimu ingempa mtu kura, miaka mingi ya utumishi ingemwongezea nyingine, na vivyo hivyo umri na mali, mpaka kura tatu. Ila Mkikuyu, kabla ya hayo yote, lazima awe na karatasi ya uaminifu kutoka kwa kamati ya chifu wake.

"Hiyo karatasi si ya kura peke yake," alisema. "Ukiwa nayo unatembea bila pasi, unabaki na kazi yako, bibi yako haendi kazi ya lazima. Ukinyang'anywa, umeisha. Kwa hivyo nyinyi vijana mnisikize. Jaza kile fomu inahitaji, halafu funga kalamu. Hatuandiki historia ya mtu hapa."

Sikuyapenda maneno hayo. Niliona ndivyo uchafu unavyoingia katika uchaguzi, kidogo kidogo, kwa watu wazima wanaosema funga kalamu.

Jumatatu nilipelekwa upande wa Giakanja, nikapangiwa kukaa kwa Mwalimu Gathua. Watu wa huko walikuwa wameondolewa mashambani mwao na kubananishwa katika kijiji kimoja, nyumba kwa nyumba, kikizungukwa na handaki lililojaa miti iliyochongwa. Mlango ulikuwa mmoja, nao ulilindwa na homugadi, wenyeji waliopewa silaha na serikali. Mwalimu alinipokea pale mlangoni kwa sauti kubwa.

"Karibu, karani! Mke wangu ana wasiwasi. Amesikia watu wa kwenu bila kuku hawali."

"Baba Nyambura, wacha," alisema mkewe. "Mgeni, kuku hakuna. Homugadi walikula. Kuna githeri, mahindi na maharagwe tu."

Walikuwa watu wa kucheka, na katika kijiji kile sikusikia kicheko katika nyumba nyingine. Nilielewa sababu nilipoonyeshwa karatasi ya uaminifu. Mwalimu aliiweka ndani ya Biblia. Alikuwa ameisubiri miaka mitatu. Kila asubuhi wanawake wa kijiji walipangwa mstari na majembe begani, wakaenda kuchimba matuta na kupanua handaki hadi alasiri, na Mama Nyambura alibaki nyumbani kwa sababu ya ile karatasi.

Juma lote nilikaa mezani mbele ya ofisi ya chifu. Waliokuja walikuwa wachache. Mama mmoja mzee aliniuliza, "Nikiandikwa, kijana yangu atatoka kambini?" Nilianza kumweleza kazi ya baraza la kutunga sheria. Aliniacha nikiwa katikati ya maelezo.

Ijumaa alikuja Mwalimu mwenyewe, amevaa koti na tai. Alitaka kura zote tatu, na alikuwa ameshawaambia majirani hivyo. Elimu alikuwa nayo, umri alikuwa nao. Ilibaki ya utumishi.

"Andika miaka kumi na minne ya ualimu," alisema.

"Shule gani, Mwalimu?"

"Hii ya misheni, hapa."

"Hii umefundisha miaka minne. Wewe mwenyewe uliniambia juzi."

Alitazama pembeni. Miaka kumi ya kwanza alikuwa amefundisha katika moja ya zile shule za Wakikuyu wenyewe, zilizojitenga na wamisheni na ambazo serikali ilizifunga Hali ya Hatari ilipoanza, ikidai zilikuwa za waasi. Kamati ya chifu iliyajua hayo yote na ilikuwa imeamua kutoyajua.

"Si uandike kumi na minne tu, uache hapo?"

Nilifikiri. Nikiacha nafasi ya jina wazi, fomu itarudishwa. Nikiandika kwamba miaka yote ilikuwa ya misheni, wamisheni wataulizwa na itaonekana ni uongo, naye atafungwa kwa sababu yangu. Niliupima kila upande, nikaona ukweli hauwezi kumdhuru mtu ambaye ameshaaminiwa na serikali. Nikamweleza hivyo, kwa urefu.

Mama Nyambura, aliyekuja na mumewe, alisema kitu kifupi kwa Kikuyu. Mwalimu hakumgeukia.

"Wewe ndiye umesoma," aliniambia. "Andika."

Niliandika jina la shule ile kamili, na miaka yake kumi.

Juma lililofuata nilikuwa kijiji kingine, kazi ile ile, watu wachache vile vile. Niliporudi Nyeri mjini, Mzee Elija aliniita pembeni. Fomu ya Mwalimu ilikuwa imepita kwa Bwana D.O., mkuu wa tarafa, ikapigwa mstari mwekundu chini ya jina la shule. Karatasi ya uaminifu ilikuwa imechukuliwa na Mwalimu ameondolewa darasani.

"Si nilikuambia?" alisema Mzee Elija. Hakuwa na hasira. Hilo lilinitesa zaidi.

Siku hiyo hiyo niliomba kumwona D.O. Alikuwa Mzungu kijana, labda wa umri wangu, na aliniketisha kwa adabu. Nilimwambia kosa lilikuwa langu, kwamba ile sehemu ya fomu haikuhitaji kujazwa vile.

"Ulichoandika ni uongo?" aliniuliza.

"Hapana, Bwana."

"Alikulazimisha?"

"Hapana. Mimi ndiye nilimshauri."

"Basi kosa liko wapi?"

Nilikuwa na majibu mengi. Kila moja, nikilipima, niliona litamwongezea Mwalimu shauri lingine. Niliinuka. Akanishukuru kwa kazi safi.

Alhamisi nilirudi Giakanja. Kabla sijafika mlangoni niliwaona wanawake handakini, na Mama Nyambura alikuwa miongoni mwao, tope hadi magotini. Nilisimama.

"Usisimame hapo, karani," alisema bila kuacha kuchimba. "Homugadi atafikiri unaniandika."

Mwalimu nilimkuta nyumbani, adhuhuri, ameketi bila kazi. Nilianza kuomba msamaha, nikaeleza nilivyofikiri na kwa nini. Alinyoosha mkono kunikatiza.

"Unajua mke wangu alisema nini siku ile? Alisema, moja inatosha. Kura moja. Ningechukua ya elimu nikaenda zangu, saa hii ningekuwa na watoto darasani. Lakini mimi nilitaka tatu, ati nionekane. Na wewe ulitaka fomu isiyo na doa. Sasa mwenye kuchimba ni yeye."

Aliniuliza kama nimekula.

Mwisho wa mwezi kazi iliisha, nikarudi kwa njia ile ile: Kiganjo, Nairobi, Kisumu. Nyumbani mlinizunguka mkitaka habari za Nyeri, nami niliwaeleza habari za baridi. Karani wa kwetu alipokuja, aliniandikisha kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Hakuniomba karatasi yoyote ya uaminifu. Alitazama shahada yangu, akaniandikia kura nilizostahili, nami nikazipokea zote.

Tangu hapo nimetaka kumwandikia Mwalimu barua. Barua zinazoingia vijijini husomwa kwanza ofisini, na sijui ni neno gani langu litakalopigwa mstari. Kwa hiyo sijaandika. Nilichojifunza katika safari hii ni kidogo: kabla ya kumwandika mtu, jua nani atasoma. Hata humu, Gathua si jina lake, wala Nyambura si jina la binti yake. Jina lake la kweli niliwahi kuliandika mara moja tu, kwa wino mweusi na mwandiko mzuri.