Orpha Alivyomfundisha Mfundishaji

Kalombo aliporudi kutoka hospitali na jicho moja, jingine likiwa limeunguzwa na asidi iliyoruka kutoka bombani kazini, mkewe Orpha alisoma ripoti ya ajali akiwa bado amesimama mlangoni. Arsène, mkufunzi wa usalama kiwandani, alikuwa ameandika kwamba mfanyakazi alifundishwa akapuuza.

"Miye nilikuwa mu formation, mu mafunzo yake," Kalombo alisema. "Lakini ilikuwa Kifaransa tupu, slaidi makumi munane."

Orpha hakulia. Alitaka jambo moja tu: Arsène aumbuke mbele za watu.

Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Kufundisha watoto alikujua. Watu wazima wa kazi ya asidi, hapana. Akanunua mega za intaneti, na kila akitoka shuleni akawa anatafuta kwenye simu jinsi mafunzo ya kazi yanavyotungwa. Wiki za kwanza zilipotea bure. Tovuti moja ilimfundisha kuremba slaidi kwa rangi, nyingine ikadai kadi ya benki kabla hajasoma neno. Kisha akapata kozi ya bure ya chuo kikuu, kwa Kifaransa, iliyomfikisha kwenye jukwaa la wakufunzi. Huko mama mmoja wa Abidjan alimtumia orodha ya maswali ya kupima somo. La kwanza lilimchoma: mtu akitoka darasani, mikono yake itaweza kufanya nini?

Akazipitisha slaidi za Arsène kwenye orodha ile, na kila kosa alilolikuta lilimpa utamu. Kisha akatunga somo lake mwenyewe.

Baada ya miezi mitano aliwaonyesha wajumbe wa wafanyakazi makosa yale, nao wakampeleka kwa mkurugenzi wa kiwanda, aliyekubali jaribio. Watu kumi wenye vyeti vya Arsène waliletwa mbele ya pampu iliyotiwa maji badala ya asidi, wakaambiwa walifungue bomba lake. Wawili tu walifunga vali kwanza, ili kilichomo bombani kisiwarukie.

"Papa Arsène naye atuonyeshe," Orpha alisema kwa upole.

Arsène akashika bomba kabla ya vali. Maji yakamlowesha shati lote. Hakuna aliyecheka, na Orpha, aliyekuwa akikisubiri kicheko kile kwa miezi, aliona kama amepunjwa. Wale kumi wakaonyeshwa somo la Orpha la dakika kumi na mbili, picha na sauti ya Kalombo kwa Kiswahili cha Likasi, mji wao. Waliporudia jaribio, tisa wakapatia. Ripoti ikasahihishwa, Arsène akaachishwa kazi.

Jumamosi moja Arsène alikuja nyumbani kwao. Alikuwa amepata kazi ya kufundisha usalama kwenye kiwanda cha Kakanda.

"Mama Orpha, ulijifunzia wapi? Nionyeshe hizo tovuti."

"Tafuta," Orpha alijibu.

Alipoondoka, Kalombo alisema, "Ungemupatia. Kule kuko bantu wa kazi kama miye."

"Bantu nitawapatia. Yeye, hapana."

Siku hiyohiyo akamtumia somo lake binamu yao Glody, mfanyakazi wa Kakanda, alisambaze kwa wenzake upesi, ili Arsène akifika awakute wanajua kumzidi.