Lundo la Shemeji

Kwa miaka kumi na tisa Mama Mistari amekuwa akifika shambani wengine wakiwa wameshaondoka. Wakata miti huja kwanza na misumeno yao ya injini, huangusha, hupakia magogo na kwenda zao. Kinachobaki nyuma ndicho kazi yake: matawi, magome, mizizi iliyong'oka, vipande vya uzio wa zamani, chupa za maji za wakata miti wenyewe. Jina walimpa wao, kwa utani, walipoona hawezi kuweka tawi chini bila kulipanga. Upande mnene unatazama njia, ncha zinatazama nyuma, mstari baada ya mstari, hatua nne katikati. Walicheka mpaka wakachoka. Baadaye wakawa wanampigia simu wao wenyewe kila wamalizapo shamba, kwa sababu akishapita yeye, trekta hulima bila kusimama.

Safari hii shamba lilikuwa lake. Ekari moja, ya kwanza katika maisha yake, yeye na mumewe. Trekta ilikuwa ya kikundi chao cha wakulima, na ratiba ilibandikwa mlangoni mwa ofisi: kila mwanachama siku moja, na asiyekuwa tayari siku yake anarudi mkiani mwa foleni. Mkiani maana yake ni baada ya mvua. Zamu yake ilikuwa Jumamosi. Hadi Jumatatu jioni alikuwa amepanga mistari kumi na minne, imebaki mitatu. Alhamisi angemaliza kupanga na kutoa kuni, Ijumaa angechoma vijiti vilivyobaki, mstari mmoja mmoja. Hesabu ilikuwa imekaa sawa.

Jumanne na Jumatano hakwenda shambani. Alimpeleka mama mkwe hospitali kufanyiwa upasuaji wa jicho, akalala naye wodini, akarudi naye nyumbani, mama ana bandeji upande mmoja na maelekezo mengi upande wa pili. Jioni hiyo ya Jumatano akaingia shemeji yake, mdogo wa mumewe, dereva wa tingatinga, anacheka peke yake.

"Shemeji, kesho ukifika shambani usizimie."

"Kuna nini?"

"Siongezi neno. Utanishukuru mwenyewe."

Alhamisi asubuhi Mama Mistari alisimama penye kona ya shamba na hakuzimia. Mistari yake haikuwepo. Katikati ya ekari kulikuwa na lundo moja lenye urefu wa paa la nyumba, na pande zote nne alama za minyororo ya tingatinga. Shemeji alikuwa ameazima mashine kwa nusu saa, njiani kutoka kazini, akasukuma kila kitu mahali pamoja. Na alisukuma kwa kina. Udongo mweusi wa juu, ule ambao watu hununulia shamba, ulikuwa umekwanguliwa na kuingia ndani ya lundo pamoja na mawe na mizizi. Chini palibaki udongo mwekundu, mgumu, unaong'aa kama sakafu iliyopigwa nta.

Alivuta tawi. Halikuja. Akavuta jingine, likaja jani. Akajaribu moto upande wa upepo: ulipanda kidogo, ukazimwa na udongo, ukabaki moshi unaoingia machoni. Akampigia mumewe, ambaye ni mtunza stoo wa shule.

"Ameweka udongo ndani," alisema.

"Nani?"

"Ndugu yako. Lundo lote lina udongo."

"Mke wangu, hilo ni shamba. Udongo si lazima uwepo?"

Alikata simu kabla hajasema la kujutia.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa ameketi kitandani ameelekeza jicho lake zima mlangoni.

"Mwanangu, nimesikia. Kazi ya wiki, nusu saa! Yule mtoto ana moyo. Umemshukuru?"

"Bado, mama."

"Bado? Hata kwa simu?"

"Mama, lile lundo halichomeki wala halivutiki."

"Kwani wewe ulitaka aje na mikono mitupu?"

Mama Mistari akajikaza, akamwekea dawa ya jicho, matone matatu, kama alivyoagizwa. Angalau hilo lilikuwa na idadi.

Ijumaa mumewe aliomba ruhusa kazini. Alifika na glovu mpya na ari ya mtu asiyejua kinachomsubiri. Akashika tawi la chini kabisa, akavuta kwa nguvu zote, glovu zikatoka, akakaa chini kwa kishindo.

"Huanzi chini, baba. Juu."

"Mbona hukuniambia kwamba liko hivi?"

Mama Mistari akapanda juu ya lundo. Kumjibu kungehitaji pumzi, na pumzi alikuwa na matumizi nayo. Walifumua kwa mkono, tawi baada ya tawi, wakikung'uta udongo kwa mgongo wa jembe, wakitoa mawe yanayoweza kuvunja plau la trekta. Giza lilipoingia walikuwa wamemaliza robo, tena ukihesabu kwa huruma.

Jumamosi saa moja asubuhi trekta ikaja. Dereva wake, ambaye wote humwita Kofia ingawa hajavaa kofia kwa miaka, alishuka, akalizunguka lundo, akasimama mbele yake.

"Mama Mistari. Hili ni lako?"

Katika yote ya juma lile, hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"La shemeji yangu."

"Anakuchukia?"

"Ananipenda. Ndiyo tabu."

Kofia hakucheka. Akalima pembeni, akiacha nafasi kubwa kuzunguka lundo kwa kuhofia visiki vilivyofukiwa. Penye udongo mwekundu plau liliruka na kukwaruza, likainua mabonge kama matofali. Kufikia saa nne alikuwa amelima kiasi cha kupanda nusu ya ekari. Akamletea daftari la kikundi asaini kwamba zamu yake imetumika. Akasaini.

Hapo ndipo shemeji alipofika na pikipiki, shati jeupe, viatu vinavyong'aa.

"Mbona mnazungukazunguka? Jumatatu naleta mashine, nalisogeza kule. Dakika kumi tu!"

"Usilete."

"Shemeji, mimi sichoki. Usinionee haya."

"Sikuonei haya. Vuta hilo tawi."

Akalivuta kwa mkono mmoja, anatabasamu. Akaongeza wa pili. Akaweka mguu kwenye lundo, kiatu kikazama, tawi lipo palepale.

"Limebanwa na nini?"

"Na udongo wangu. Uliutoa pale pekundu, ukaufungia humu. Nusu ya shamba haitapandwa mwaka huu. Ukitaka kusaidia, njoo kesho na mikono."

Shemeji alitazama shati lake, akamtazama kaka yake, ambaye alikuwa anachunguza mpini wa jembe kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuuona.

"Kumbe mtu akisaidia ni kosa," akasema. "Kesho nina safari." Pikipiki haikuwaka hadi teke la tatu, jambo lililomwongezea hasira, akaondoka.

Haikupita nusu saa simu ya mumewe ikalia. Sauti ya mama mkwe haikuhitaji spika.

"Mdogo wako yuko hapa, uso umemshuka. Mmemfanya nini?"

Mumewe alitazama mabonge mekundu, akatazama malengelenge ya viganja vyake.

"Mama, ametuharibia shamba."

"Kwa nia njema!"

"Kwa nia njema. Lakini ametuharibia."

"Nipe huyo mke wako."

Akanyoosha simu juu. Mama Mistari alikuwa amepiga magoti kileleni mwa lundo, mkono umeingia mpaka kwapani, anatafuta jiwe alilolisikia likigonga. Wala hakugeuka.

"Mwambie mkono haujatoka bado," alisema. "Nikiutoa, nitampigia."