Bomba la Inchi Moja

Mwanangu, wewe unayenisoma, nakumbuka siku moja ya kiangazi ambayo hadi asubuhi yake niliamini hakuna kitu duniani kingeweza kunishangaza. Nilikuwa na haki ya kuamini hivyo. Niliacha shule darasa la nne, nikaanza kwa kufyatua matofali Ihumwa kwa mikono hii, na leo nina malori matatu, nyumba nne na ekari mbili za zabibu Hombolo. Waliosoma wananiita bosi. Sisemi ili nikutambie. Ingawa, ukweli, natamba kidogo.

Binti yangu Yustina alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu hapa Dodoma, anasoma fizikia na hesabu kwa pamoja. Mimi niliona huko ni kukata tiketi mbili kwa safari moja. Nikamwambia aache somo mojawapo achukue biashara, la sivyo ada silipi. Nilimpa hadi Ijumaa.

Alhamisi akanifuata shambani na fomu ya kubadili kozi, imejazwa yote isipokuwa mstari mmoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeacha lipi?"

"Hapo nimepaacha wazi." Akatazama mizabibu. "Mbona ya huku mwisho inakauka?"

Hilo ndilo lililokuwa likininyima raha wiki nzima. Tangi lilikuwa juu ya kilima, limejaa, lakini maji yalifika mwisho wa shamba yakijikokota. Nilishawagombeza vijana wa kazi, nikawaita wavivu. Bomba nililichagua mwenyewe, la inchi moja, mita mia nne. Si umeona mtu akibana mdomo wa mpira, maji yanavyoruka? Basi nilijua hivyo: bomba jembamba, maji yenye nguvu.

Yustina akaomba ndoo. Akaijaza pale tangini huku akitazama saa ya simu, ikajaa upesi. Akaijaza mwisho wa bomba: dakika moja na nusu. Akauliza kimo cha kilima, akakaa juu ya jiwe, akaandika ukurasa mzima.

"Ukiweka la inchi mbili, ndoo hii itajaa kwa sekunde kumi na tano hivi."

"Upana mara mbili, maji mara sita? Mimi nimejenga nusu ya Ihumwa, leo unanifundisha bomba?"

"Kulifukia unajua sana, baba."

Vijana wakacheka, nami nikawaacha wacheke. Yustina akanipa fomu na kalamu.

"Fizikia ndiyo inayoniambia kwamba bomba linayasugua maji njia nzima. Hesabu ndiyo inayoniambia linayapunguza kiasi gani. Haya, andika wewe la kuacha."

Niliitazama mizabibu yangu inayokauka, mwanangu, nikamrudishia kalamu. Nikaikunja fomu nikaitia mfukoni. Nikamwambia arudi chuoni, ada ataikuta imelipwa.

Bomba jipya lilipofukiwa, nilishika ndoo mwenyewe. Sekunde kumi na sita. Nikapima tena, nikidhani simu imekosea. Mizabibu ilipona, na mimi hadi leo namshukuru Mungu kwamba yule mtoto hakunisikiliza.

Basi wewe unayesoma masomo mawili magumu na nyumbani hawakuelewi, usikate moja ili sisi tuelewe haraka. Na usibishane nasi kwa maneno. Chukua ndoo utuonyeshe. Nasi tulioanza na matofali, kuuliza hakutupunguzii kitu. Mungu akufungulie akili, akupe walimu wenye subira, na mzazi wako awahi kushangaa kuliko mimi. Mimi nilichelewa, na kuchelewa kwangu, bomba la kwanza, la pili na vibarua wa kulifukia mara mbili, kulinigharimu shilingi milioni nne, laki tatu, themanini na tano elfu na mia tano.