Jiwe Lililokataliwa na Kuku

Niliambiwa, nikaamini kuliko cheti changu cha masomo ya jioni, kwamba almasi halisi kuku haimezi kamwe, ila jiwe la kawaida humeza. Basi nilipofukua jiwe jeupe linalong'aa shambani Kagerankanda, niliwawekea kuku wote wa mama walimeze. Wakaligomea! Nikaapa kumwoa mchumba wangu Zawadi kwa jiwe hilo badala ya ng'ombe wa mahari, potelea mbali.

Kule ukweni Kasulu nililifungua kutoka kwenye kitenge kama kichanga. Baba mkwe akamwita jirani yake, sonara, naye akaligeuza mara moja tu.

“Mwanangu,” sonara akasema, “jiwe huwa na thamani likiwa adimu na watu wakilitafuta. Haya yamemwagwa barabara nzima ya Kibondo.”

“Lakini mzee, kuku walilikataa!”

“Kubwa hivi, wangelipitisha wapi?”