Sindano za Cherehani ya Thelathini na Moja

Kiwandani walimwita Mama Kola, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameshona kola za mashati, basi. Ukikutana naye njiani hakutazami usoni, anakutazama shingoni, na kola yako ikiwa imekaa upande atakwambia papo hapo, uwe shemeji yake au uwe askari. Kazi yake aliijua, na kama alijiona kidogo, alikuwa na haki ya kujiona.

Sasa mtu wa namna hiyo anapokea slipu ya mshahara, kwenye makato anasoma: "Sindano 14. Uzembe." Mwezi uliofuata: "Sindano 16. Uzembe." Hela ilimuuma, nani haimuumi? Lakini neno lenyewe ndilo lililomtisha. Pale kiwandani, slipu tatu zenye neno hilo zinakutoa getini. Zake zilikuwa mbili. Na mjane wa miaka hamsini na mbili akifukuzwa kwa uzembe, nani mwingine atampa kazi?

Ubaya ni kwamba sindano zilivunjika kweli. Tangu ahamishiwe cherehani ya thelathini na moja, zilikuwa zinakatika kama njiti za kiberiti. Alibadilisha miwani, akapunguza mwendo, wapi! Binti yake akamhimiza aende kwa afisa kazi.

"Nikamwambie nini?" alifoka. "Kwamba sikuvunja?"

Lilikuwepo daftari la sindano. Kipande cha sindano kikibaki ndani ya shati kitamchoma aliyelinunua, kwa hiyo mshonaji hapewi sindano mpya mpaka arudishe vipande vyote vya ile iliyovunjika. Mtunza sindano, mama mmoja mfupi waliyemwita Sumaku, alivibandika vipande hivyo daftarini kwa selotepu, na pembeni akaandika tarehe, namba ya cherehani na jina la mshonaji.

Mama Kola akaomba alione, akitumaini wamemzidishia hesabu. Hawakumzidishia. Zilikuwa kumi na sita kamili. Kwa aibu hakutaka kumtazama mwenzake, akawa anafunua tu kurasa za nyuma, na mkono ukasimama. Thelathini na moja. Thelathini na moja tena. Miezi mingi kabla yeye hajakalia kiti kile, cherehani ile ilikuwa inatafuna sindano vilevile, chini ya jina la mwanamke aliyefukuzwa miezi mitatu iliyopita. Kiwanda kizima kilimwita Bi Vunja. Jina hilo alilitunga Mama Kola mwenyewe, siku moja wakati wa chakula, watu wakacheka mpaka wakapaliwa.

"Sumaku, ulikuwa unayaona haya?"

"Mimi nabandika tu, dada. Kusoma wanasoma ofisini."

"Na ofisini wanasoma nini?"

"Jumla."

Wakalibeba daftari mpaka kwa mhasibu, kijana mpole ambaye hajawahi kushona hata kifungo. Akasema utaratibu ni utaratibu, anayevunja analipa.

"Mwanangu," Mama Kola alisema, "mkataba nilioutia saini unasema nitalipia kosa langu. Haukusema nitalipia ubovu wa cherehani yenu. Na unasema kabla ya kunikata mniite mnisikilize. Mliniita lini?"

Mhasibu alitafuta barua ya wito kwenye faili. Alitafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maskini, kwa sababu haikuwepo. Mwishowe akamwita fundi mitambo. Fundi aliifungua cherehani, akakuta chuma kimoja ndani kimepinda na kila sindano ikishuka inakigonga. Alikibadilisha kwa nusu saa. Mama Kola akaandikiwa barua: makato yatarudishwa, neno "uzembe" limefutwa.

Aliisoma mara mbili, akaikunja. Hakuinuka.

"Na wa kabla yangu?"

"Yule si mfanyakazi wetu tena, mama. Na hakuleta malalamiko."

"Angelalamikia nini, na mlishamwaminisha kuwa ni yeye?"

Mhasibu akainama kwenye makaratasi yake. Sumaku alilichukua daftari lake, akalikumbatia kifuani kama vile kuna mtu anataka kulinyakua.

Jumamosi kazi ilipofungwa saa saba mchana, Mama Kola hakwenda kwake. Aliulizia mlango kwa mlango mpaka akaelekezwa kwenye ua mmoja wa wapangaji, ambako mwanamke yule alikuwa akifua nguo za watu kwa malipo. Gauni lake lilikuwa limefumuka begani.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kukuomba radhi, mdogo wangu. Lile jina nilikupa mimi. Na sindano hukuvunja wewe, cherehani ilikuwa mbovu. Daftari lipo, fundi yupo, Jumatatu twende wote ofisini tukadai haki yako."

Mwanamke aliacha kufua. Akaitoa mikono kwenye povu, akaigeuza, akaitazama kama ndiyo kwanza anaiona.

"Nilikuwa na cherehani yangu hapa nyumbani," alisema. "Nilidhani mikono imeniharibikia. Niliiuza, dada. Niliiuza kwa bei ya kutupa."